Kusoma Picha za Amu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuwatembeza Amu, yaani mji wa Lamu katika pwani ya Kenya, wageni wenye kamera kubwa: wapigapicha wa majarida, wa mahoteli, wa kampuni za nguo. Niliwabebea vyuma vyao, nikawatafutia punda, nikawaombea ruhusa majumbani. Siku hizi, kila Jumamosi baada ya alasiri, nakaa na vijana wa sekondari kwenye daka, baraza la mlangoni, la nyumba ya mjomba wangu, mtaa wa Mkomani, tukipekua majarida waliyoyaacha wageni hao na kuulizana yanasema nini juu yetu. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Mengine ni ya vijana, mengine ni ya wazazi wao, ambao wanashuku kwamba tunapoteza wakati.

Si picha huonyesha kilichokuwepo tu? Hiyo "maana" mnaitoa wapi?

Naanza na leso, maana leso kila mtu hapa anaijua. Mwaka mmoja nilimpeleka mpigapicha kwenye harusi ya jamaa zetu, akaruhusiwa kupiga picha uani kabla shughuli haijaanza. Moja ilichapishwa kurasa mbili nzima: wanawake wanne mkekani, mmoja amewapa wenzake mgongo. Msomaji wa London aliona rangi nyekundu, jua la jioni na mkeka. Jarida lilipofika Amu watu walicheka hadi machozi. Mgongoni mwa yule mwanamke yalisomeka wazi maneno ya leso, "Hasidi hana sababu", na aliyeketi nyuma yake alikuwa wifi yake. Karatasi ni ileile, lakini huku kulikuwa na pambo na huku kulikuwa na ugomvi.

Elimu ya ishara, wanayoiita semiotiki, hutenga tabaka mbili za jambo hili. La kwanza ni kile ambacho jicho lolote litakitaja: mwanamke, kitambaa, mkeka. La pili ni kile ambacho vitu hivyo vinawadokezea watu waliokua navyo. Kikuba cha asumini, kwa mfano, kwa asiyetujua ni maua tu. Kwetu kina saa zake, kina shughuli zake, na kuna mambo kinayoyasema ambayo sitayaandika hapa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Mfaransa Roland Barthes, aliouchapisha mwaka 1957. Anasema alikuwa kwa kinyozi, akapewa toleo la jarida la Paris Match. Jaladani kuna kijana Mweusi aliyevaa sare za jeshi la Ufaransa, macho ameyainua, anapiga saluti. Tabaka la kwanza linaishia hapo. Lakini Barthes alisikia jalada likinong'ona: tazameni, Ufaransa ni dola kubwa, wana wake wa kila rangi wanaitumikia kwa moyo, basi hao wanaolalamikia ukoloni wanalalamika nini? Toleo lile lilitoka mwaka 1955, na vita vya Algeria vilikuwa vimekwishaanza mwaka uliotangulia. Jarida halikuiandika sentensi hiyo popote. Lingeiandika, watu wangebishana nayo. Liliionyesha, na msomaji akafungua ukurasa wa pili akiwa ameimeza bila kuitafuna.

Mimi humrudia Barthes kwa sababu ya kile kiti cha kinyozi. Majarida mengi tunayasoma hivyo, tukisubiri kitu kingine, akili imekaa upande.

Basi maana anaiamua nani? Mpigapicha?

Yeye ni mmoja tu, tena si mkubwa wao. Wageni wangu wengi waliteremka uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa jirani, na orodha mfukoni: mlango wa nakshi, jahazi wakati wa machweo, mzee mwenye kofia, mwanamke wa buibui kichochoroni, punda. Orodha iliandikwa na mhariri ambaye hajawahi kuvuka mkondo wa Manda, naye aliipata kwenye majarida mengine. Kwa hiyo picha ilikuwa imekwishapigwa kichwani mwa mtu, mbali, kabla ya kamera kutolewa begani. Kazi yangu mimi ilikuwa kuufanya mji ufanane nayo. Nimelipwa kuondoa mitungi ya plastiki ya njano isionekane. Nimelipwa kumwomba mzee aweke simu mfukoni. Mara moja nililipwa kusimama nimetandaza kikoi mbele ya bango la kampuni ya simu mpaka mtu amalize.

Kisha picha mia nane zinakwenda mezani kwa mhariri, anachagua sita. Anayepanga kurasa anakata pembeni, anamtoa mtoto aliyekuwa akipiga mwayo. Anayeandika maelezo hakuwepo. Anayeuza nafasi za matangazo anaiweka jirani na manukato ya bei kubwa, na machweo ya Shela, kijiji jirani cha ufukweni, yanaanza kunukia pesa.

Halafu yuko msomaji, naye si chombo kitupu cha kumiminiwa. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi yake Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba mtengenezaji hufunga maana kama mzigo, na mpokeaji huufungua kwa mikono yake mwenyewe. Anaweza kuupokea kama ulivyofungwa, anaweza kupatana nao nusu kwa nusu, au anaweza kuukataa na kuusoma kinyume. Tulilijaribu jambo hili kwa tangazo la hoteli lenye mvuvi anayecheka, kambakoche mkononi. Mgeni tuliyemuuliza akasema: utulivu, neema. Kijana anayefanya kazi hotelini akasema tangazo ni zuri, linaleta watu, ila huyo si mvuvi, ni mhudumu mwenzake aliyevalishwa kikoi. Mvuvi mwenyewe aliitazama muda mrefu, kisha akauliza wameuza kilo kwa shilingi ngapi.

Yale maneno madogo chini ya picha yana uzito gani?

Mkubwa kuliko wa picha, mara nyingine. Mimi mwenyewe nimo jaridani. Nina miaka tisa, niko juu ya punda, shogi za mzigo tupu huku na huku, nyuma yangu ukuta wa matumbawe. Maelezo yanasema mvulana anarudi nyumbani kutoka shamba la familia. Familia yetu haijapata kuwa na shamba. Nilikuwa nimetoka kushusha mchanga kwenye nyumba ya kale iliyokuwa ikikarabatiwa na Mzungu aliyeinunua, punda ni wa jirani, na ujira wangu nilikuwa nauweka nipate kununua mpira.

Uone ilivyofanya kazi sentensi ile moja. Nyumba za Mkomani zilikuwa zikinunuliwa na wageni, mtoto alikuwa kibarua badala ya kucheza, na yote hayo yalikuwamo pichani kwa anayejua kutazama. Maneno "shamba la familia" yakayafukia. Barthes huyohuyo, katika makala ya mwaka 1964, aliyafananisha maneno yanayoandamana na picha na nanga: picha huelea na kuelekea maana nyingi, maneno huishika mahali pamoja. Watu wa Amu hawahitaji kufafanuliwa nanga ni nini. Ila tukumbuke nanga hutiwa na mwenye chombo, na abiria haulizwi.

Tangu siku niliyoisoma ile sentensi nina kipimo changu, na hakijawahi kuniangusha. Ukifungua jarida, tafuta nani ana jina. Mwenye nyumba ya kupangisha kule Shela ana jina na la ukoo. Mbunifu wa nguo ana jina, mrembo aliyezivaa ana jina, hata viatu vina jina na bei. Aliyemshikia punda ni "mwenyeji". Kwa kipimo hicho jarida lenye karatasi ya kung'aa mara nyingi linafanana na kadi za posta za enzi za ukoloni, zile zilizouzwa Unguja na Mombasa zikiwa na picha ya binadamu mzima, uso wake, macho yake, na chini yake limeandikwa kabila tu: mwanamke Mswahili. Kana kwamba ni samaki na yule aliyemvua anataja aina.

Majarida ya nyumbani mara nyingi yanafaulu hapa bila kujitahidi. Parents la Kenya, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986, lilizoea kuweka wanandoa jaladani, na wanandoa hao ni watu wenye majina, wenye kazi, wenye visa vyao ndani. Jarida hilo nalo linajenga maana, msinielewe vibaya: linakuambia ndoa njema inavaaje na inakaaje sebuleni. Lakini aliye jaladani huwezi kumgeuza pambo la ukuta, kwa sababu mke wa jirani yake atanunua nakala.

Kipimo kina mpaka wake. Mtoto, au mtu aliyetendewa ubaya, jina lake hufichwa kwa kumlinda, na hiyo ni haki. Punda wangu hakuwa na siri ya kulindwa.

Kwa nini picha za Amu zote zinafanana?

Orodha niliyoitaja juu ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni sifa tuliyopewa. Mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na ni heshima ya kweli: ndio makazi ya Waswahili ya kale yaliyohifadhika vizuri kuliko mengine Afrika Mashariki. Lakini neno "kuhifadhika" likishaingia mikononi mwa mwandishi wa majarida hugeuka kuwa "wakati umesimama". Nimelikuta katika majarida ya lugha nne. Wakati haujasimama hata kidogo. Boti za faiba zenye mashine zinapita mbele ya Mkahawa wa jeti tangu alfajiri, madishi ya televisheni yamejaa madarini, na vijana wanabishana juu ya mpira wa Uingereza hadi usiku wa manane. Ngome iliyo kila jaladani, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Wako wazee mjini wanaokumbuka ndugu waliofungwa humo. Sijaona jarida la utalii likimhoji hata mmoja.

Sababu ya tatu inatuhusu wenyewe, na vijana hawapendi nikiitaja. Fungua tangazo lililotengenezwa na watu wetu, la hoteli au la tamasha. Utakuta mlango, jahazi, punda, buibui. Tumejifunza kujitazama kwa jicho la mteja. Mpaka tukipiga picha za simu kuwatumia jamaa walioko Jeddah, tunamsogeza mtu asimame mlangoni.

Kuna wakati mmoja tu ninaoukumbuka ambapo picha ya mvuvi wa Amu ilibadilika. Bandari mpya ya LAPSSET, mradi wa njia za usafiri za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ilipoanza kujengwa upande wa bara, na kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kikapangwa kujengwa, magazeti yalianza kutoa wavuvi wakiwa wamesimama na mabango, midomo wazi, wakidai. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Mwezi Juni 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha makaa. Katika picha za miaka hiyo mvuvi alikuwa na hoja, na magazeti yakalazimika kuuliza anaitwa nani. Majarida ya safari yaliendelea kumpiga picha yuleyule kutoka nyuma, kivuli cheusi mbele ya jua linalozama.

Na zile picha za askari na magari yaliyoungua?

Hiyo ndiyo sura yetu ya pili. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na mwezi Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa na watu wengi wakauawa. Hayo ni kweli, na kuyaonyesha ni wajibu wa mwandishi wa habari. Neno langu ni juu ya yaliyofuata. Mpeketoni iko bara, lakini kaunti nzima inaitwa Lamu, na kwa msomaji aliye mbali jina moja ni mahali pamoja. Gazeti likiandika Lamu lilichapisha gari lililoungua, hata habari yenyewe ikiwa ya mtihani wa shule. Picha ya maktaba huchakaa kama nguo, ila yenyewe haionyeshi viraka: tarehe yake imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, au haikuandikwa kabisa.

Kafyu ikawekwa, wavuvi wa usiku wakazuiwa kutoka, hoteli zikafunga milango. Sitasema picha ndiyo iliyoyaleta yote hayo. Nasema kwamba aliyekuwa na sura mbili tu za Amu kichwani, pepo na kiama, alipoambiwa si pepo tena hakuwa na sura ya tatu ya kushika. Mama anayekaanga mahamri ili watoto waende shule hakuwahi kuwekwa jaladani, basi angemkumbuka vipi?

Kwa nini wanawake wetu huonyeshwa kwa nyuma, au macho tu?

Swali hili huletwa zaidi na kina mama, na wanaliuliza kwa hasira tofauti. Mmoja alisema afadhali, uso wangu si wa kuuzwa. Mwenziwe akajibu: basi wasinipige kabisa, kwani mimi ni pazia?

John Berger, mhakiki wa sanaa wa Uingereza, alionyesha mwaka 1972 kwamba katika michoro ya rangi za mafuta ya Ulaya mwanamume hutenda na mwanamke hutazamwa, hadi mwanamke mwenyewe anazoea kujitazama kama anavyotazamwa. Laura Mulvey, mwaka 1975, akaandika kuhusu sinema kwamba kamera mara nyingi husimama mahali pa macho ya mwanamume. Berger hasa alikuwa akizungumzia miili iliyovuliwa. Mwanamke wa Amu jaridani amevikwa, lakini kazi aliyopewa ni hiyohiyo: yeye ni fumbo, msomaji ni mfumbuaji. Maelezo yatasema "nyuma ya buibui" au "nyuma ya mlango", na safari nzima inauzwa kama ahadi ya kufunuliwa kitu. Zamani ilikuwa shiraa, lile vazi kama hema lililoinuliwa kwa vijiti, nalo lilipigwa picha sana na wapita njia kwa sababu ileile.

Hapa nyumba zetu zinajua jambo ambalo kamera hailijui. Nyumba ya mawe ya Amu imejengwa kwa hesabu ya macho. Kuna daka, mgeni anaketi. Kuna tekani, njia inayopinda makusudi ili anayepita asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Kisha misana, vyumba virefu, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho kabisa ndani, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya thamani. Mpigapicha aliyebaki barabarani huona mlango uliofungwa na kuandika juu ya kifungo. Aliye ndani anajua kwamba nyumba yote imepangwa kumzunguka yeye. Siku hizi harusini simu hukusanywa mlangoni kapuni, na mpigapicha ni binti aliyekodiwa, anayewakabidhi wenye shughuli picha zao na kuzifuta kwake. Ziko picha za wanawake wa Amu wakicheka uso wazi, maelfu kwa maelfu. Ila si za kuuzwa.

Je, rangi ya ngozi inahusika?

Inahusika hadi kwenye mitambo. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha za rangi zililinganisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu. Akitoka sawa yeye, picha imefaa. Mweusi alitoka macho na meno. Filamu zilianza kurekebishwa kwa sehemu kwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane. Chokoleti ilisikilizwa.

Wala tusiishie kwa Wazungu. Nenda studio yoyote ya harusi hapa pwani uone bibi harusi anavyong'arishwa kwenye kompyuta mpaka shangazi zake wanauliza huyu ni wa nani. Hakuna aliyetulazimisha.

Kwa hiyo sisi hatuna makosa? Sisi pia hatuwaonyeshi wengine?

Tunawaonyesha, tena bila aibu. Waaweer, wale ambao wengi wetu tunawaita Waboni, wakitokea kwenye kalenda au maonyesho ya kaunti wamepewa upinde na mzinga wa asali. Wana walimu, wana wauguzi. Mvulana mmoja wa kikundi chetu alileta bango la shule lenye "makabila ya Lamu" na akagundua kwamba Mswahili ndiye pekee aliyeshika kitabu. Tulikaa kimya kidogo.

Majarida makubwa yamewahi kukiri?

National Geographic lilikiri. Katika toleo la Aprili 2018 mhariri wake mkuu, Susan Goldberg, aliandika wazi kwamba kwa miongo mingi habari zao zilikuwa za kibaguzi. Walimpa mwanahistoria John Edwin Mason apekue maktaba yao. Aliyoyakuta ni pamoja na picha nyingi za "wenyeji" wakishangaa vyombo vya Wazungu, kama kamera au santuri. Tulipolisoma hilo tukarudi kwenye lundo letu, na haikuchukua muda tukampata mtoto wa Amu akiduwaa mbele ya lenzi. Namjua mtoto huyo. Baba yake alikuwa na duka la kurekebisha redio.

Kukiri ni jambo moja. Sijui kama orodha za mfukoni zilibadilika, kwani niliacha kazi kabla ya hapo.

Picha inaweza kusema uongo kabisa?

Inaweza, na si jambo la jana. National Geographic hilohilo, Februari 1982, lilisogeza mapiramidi ya Giza kwa kompyuta ili yaenee kwenye jalada la wima. Juni 1994 majarida ya Time na Newsweek yalitoa picha ileile ya polisi ya O. J. Simpson, Mmarekani Mweusi mashuhuri aliyeshtakiwa kwa mauaji, katika wiki moja. Time likaitia giza, na zilipowekwa ubavu kwa ubavu kwenye meza za wauzaji kila mtu aliona.

Amu tulikuwa na fundi wetu, marehemu Omar Said Bakor, mwenye studio mjini. Alikata picha kwa mkasi na kuzibandika upya, akimweka mtu mahali ambapo kamera peke yake isingeweza kumweka. Lakini mteja alijua, na alilipia ufundi huo. Hapo sioni uongo.

Sasa kuna akili unde. Kijana mmoja aliiamuru programu imtengenezee mwanamke wa Lamu. Ikaleta buibui, macho na mlango wa nakshi. Imesoma majarida yaleyale.

Naweza kumkatalia mtu anayenipiga picha?

Unaweza, na huhitaji sababu. "Tafadhali usinipige" inatosha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayokutambulisha kuwa data yako, na anayetaka kuitumia kwa biashara anapaswa kuwa na idhini yako. Uandishi wa habari na sanaa vina msamaha wake katika sheria hiyo, kwa hiyo mwandishi aliyekupiga kwenye maandamano hana deni kwako kama alilonalo mwenye hoteli. Sheria ina meno: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Ukikubali, uliza itatumika wapi, na mwandikie jina lako kwenye karatasi. Wengi watashangaa. Wachache watalichapisha.

Nimfundisheje mwanangu kusoma picha nyumbani?

Huhitaji vitabu. Chukua gazeti lolote, hata la kufungia samaki. Funika maelezo kwa kiganja, mwambie aeleze anachokiona, vitu tu, bila hukumu. Kisha aseme kinamfanya ahisi nini, na amejuaje. Ndipo ufunue maneno. Mara nyingi atasema "aa!", na hapo ndipo pa kukaa: kabla ya kusoma ulidhani nini, na nani amekugeuza?

Kata karatasi mbili kama pembe za mlango, azisogeze juu ya picha kubana na kupanua. Abane mpaka mnadi wa samaki abaki uso wa hasira peke yake, apanue mpaka ionekane kwamba anamcheka rafiki yake. Watoto wadogo wanaelewa hili haraka kuliko watu wazima.

Wakubwa kidogo tunawapa zoezi la jeti: piga picha moja ya mtu unayemjua, andika maelezo, kisha umsomee mwenyewe kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Binti mmoja alimpiga baba yake akifungua mashine ya boti, mikono imejaa grisi. Aliandika "Mvuvi maskini wa Lamu". Alipomsomea, baba akamtazama, akamwambia: andika jina langu, andika ni Yamaha, na uandike kwamba plagi ndiyo mbovu. Ndivyo ilivyobandikwa.

Ile picha yako ya punda bado unayo?

Ninayo, imekaa kidakani. Nimelipiga mstari lile shamba, na juu yake kwa kalamu ya risasi nimeandika jina langu, mchanga wa nani, na ujira ulikuwa shilingi ngapi. Mwenye punda nimemwandika pia, Mungu amrehemu. Palipobaki wazi ni pa jina la punda. Alikuwa nalo, maana tulikuwa tukimwita akaja, lakini limenitoka.